Kamera ya Kihisi Kikubwa na Kinasa cha Nje: Tundu Ndilo la Kutazamwa Kwanza

Kihisi ni kile kipande cha silikoni kilicho nyuma ya lenzi, ambacho hupokea mwanga na kuugeuza kuwa ishara za umeme, na kwa kuwa kihisi kikubwa hustahimili giza na kuipa picha ile mandharinyuma yenye ukungu inayopendwa na watengenezaji wa filamu, wanunuzi wengi huuliza ukubwa wake kabla ya jambo lolote. Kwa anayekusudia kutumia kinasa cha nje, yaani kifaa chenye kioo kinachofungwa juu ya kamera na kupokea picha kwa kebo kabla kamera yenyewe haijaibana, swali hilo linapaswa kutanguliwa na jingine: tundu la kamera linatoa picha ya namna gani?

Haja ya vinasa hivyo ilionekana wazi zilipoingia sokoni Panasonic AG-AF101, mwishoni mwa 2010, na Sony NEX-FS100, mwaka 2011. Zote mbili zilirekodi kwa mfumo wa AVCHD usiozidi megabiti 28 kwa sekunde, wakati ambapo BBC na mashirika mengine ya utangazaji ya Ulaya yalitaka angalau megabiti 50, pamoja na rangi ya 4:2:2, ambayo huhifadhi taarifa za rangi mara mbili ya ile 4:2:0 iliyozoeleka katika kamera nafuu. Kinasa kilichohifadhi picha kwa ProRes, mfumo wa Apple unaobana kwa wastani tu, kiliziba pengo hilo. Sony ilikuwa na kihisi kikubwa zaidi, cha ukubwa uitwao Super 35, kilekile cha kamera nyingine ya Sony, PMW-F3, iliyouzwa kwa bei ya juu zaidi, na gizani iliishinda Panasonic bila ubishi. Lakini ilitoa picha kwa HDMI pekee, plagi isiyo na kifungio ambayo huchomoka kebo ikivutwa kidogo, na haikuwa na vichujio vya ndani vya kupunguza mwanga. Panasonic ilikuwa na vichujio hivyo pamoja na tundu la SDI, ambalo plagi yake huzungushwa ikajifunga, na kwa kazi ya kutwa nzima juani sifa hizo zina uzito kuliko milimita chache za kihisi.

Hata hivyo, kamera zote mbili zilitoa picha ya biti 8, yaani ngazi 256 za kila rangi ya msingi, ilhali vinasa viliweza kuhifadhi biti 10, yenye ngazi 1,024. Wauzaji huipitia haraka tofauti hii, ingawa kikombe cha maji kikimiminwa ndooni hakijazi ndoo: ngazi ambazo kamera haikuzitoa hazizaliwi ndani ya kinasa.

Kuna pia suala la utoaji safi, yaani picha isiyo na alama za betri na fokasi juu yake. Canon EOS 5D Mark II ya 2008, pamoja na sifa zake zote, ilishusha HDMI yake hadi mistari 480 mara ilipoanza kurekodi, na mrithi wake, Mark III, alipata utoaji safi mwaka 2013 tu, kwa sasisho la programu. Mwaka 2014 mnunuzi aliwekwa njia panda ya kweli: Sony A7S, yenye kihisi karibu mara nne ya kile cha Panasonic GH4 kwa eneo, haikuweza kurekodi 4K bila kinasa na ilitoa biti 8, ilhali GH4, iliyouzwa kwa bei ya chini zaidi, ilitoa biti 10. Kwa harusi za usiku A7S ilistahili gharama yake. Kwa kazi itakayosahihishwa rangi sana, GH4.

Bei ya kamera, isitoshe, ni sehemu tu ya hesabu. ProRes 422 HQ kwa fremu 25 kwa sekunde hula gigabaiti 83 hivi kwa saa katika HD na takriban 330 katika 4K, mbali na diski ya nakala, betri za kinasa na kebo za akiba. Tangu Panasonic GH5 ya 2017 iweze kurekodi 4K ya biti 10 kwenye kadi yake yenyewe, gharama hiyo imekuwa ngumu kutetea, isipokuwa kwa kamera kama Nikon Z6 ya 2018, ambayo hurekodi biti 8 ndani lakini hutoa biti 10 nje.

Anayenunua kamera iliyotumika aende dukani na kinasa na kebo yake, aiunganishe, abonyeze kitufe cha kurekodi na kutazama kama alama zinaondoka na ubora haushuki, kisha atoe kadi na kuiacha kamera ikiwaka zaidi ya nusu saa, kwa sababu baadhi hujizima zenyewe hata kinasa kinapoendelea na kazi.