Mafahali na Ndama wa Kandanda ya Australia

Miezi ya Januari na Februari ni miezi ya joto kali katika miji ya Melbourne, Adelaide na Perth. Viwanja vikubwa vya mviringo vimo mikononi mwa wachezaji wa kriketi, na ligi kuu ya kandanda ya Australia, iitwayo AFL, haianzi hadi mwezi Machi. Hata hivyo, hiyo ndiyo miezi ambayo watu wazima wenye kazi na familia hukesha wakiandika na kufuta orodha ya majina thelathini. Wanaunda vikosi vya kubuni, ambavyo alama zake zitatokana na yale watakayoyatenda wachezaji halisi uwanjani, wiki baada ya wiki, hadi msimu umalizike.

Msomaji wa Kenya hahitaji maelezo marefu kuhusu burudani ya namna hii. Vijana wetu, na wazee wasiopenda kukiri, wameuzoea mchezo unaofuata ligi ya Uingereza: pauni milioni 100, wachezaji 15, na malumbano yasiyokwisha afisini na ndani ya matatu. Lakini mchezo wa Waaustralia ni mgumu zaidi, na nionavyo mimi unatufunza mengi zaidi kuhusu tofauti iliyopo baina ya bei ya mtu na thamani yake.

Kandanda yenyewe si hii yetu. Kanuni zake za kwanza ziliandikwa mjini Melbourne mwaka 1859. Huchezwa na watu 18 kila upande, katika uwanja ambao waweza kufika urefu wa mita 185, na kwa mpira wenye umbo la yai. Mchezaji huupiga kwa mguu, humpasia mwenzake kwa kuugonga kwa ngumi, na huudaka angani hata ikimbidi kupanda mgongo wa mpinzani. Milingoti ni minne: mkwaju ukipita kati ya ile miwili mirefu ya katikati ni bao, nalo ni alama sita, ukipita pembeni, ni alama moja.

Katika mchezo rasmi wa ligi wa vikosi vya kubuni, kila tendo lina ujira wake. Mkwaju mmoja ni alama tatu, pasi ya ngumi mbili, kudaka tatu, kumkaba mwenye mpira nne, bao sita. Na anayemfanyia mwenzake madhambi hutozwa tatu. Kiungo aliyepiga mikwaju 20 na pasi 10 za ngumi, akadaka mara sita na kukaba mara nne, atakuwa amevuna alama 114, hata kama timu yake imeaibishwa mbele ya mashabiki wake. Alama za nahodha wa kikosi huhesabiwa maradufu. Kwa mtindo uliozoeleka, kocha wa kubuni huchagua mabeki wanane, viungo kumi, washambuliaji wanane na wanne wa wale warefu wanaougombea mpira unaporushwa juu na mwamuzi. Ishirini na wawili kati yao huingia uwanjani, na wanane hukaa benchi wakingoja mwenzao aumie au aachwe nje.

Iwapo kazi ingekuwa kuchagua watu 30 walio bora, hata mtoto wa darasa la tatu angeiweza. Tatizo ni mkoba. Kila kocha hupewa kiasi kile kile cha fedha za kubuni, nazo hazitoshi kuwanunua nyota wote. Bei ya mchezaji hutokana na wastani wa alama alizopata msimu uliotangulia. Bei, kwa hivyo, ni kumbukumbu tu. Haijui kwamba kocha mpya amemtoa mtu pembeni na kumweka katikati ya shughuli. Haijui kwamba mwaka uliopita alicheza akichechemea, wala kwamba amehamia klabu ambako hana wa kushindana naye. Mpangaji hodari hutafuta mahali ambapo kumbukumbu hiyo imepitwa na wakati, kisha hupeleka fedha zake huko kabla dunia haijang'amua.

Mbinu iliyodumu miaka mingi ni ile ya kuchanganya mafahali na ndama. Mafahali ni wale wachache ambao kila wiki hukaribia au kupita alama 110, nao hununuliwa kwa bei ghali pasipo majuto. Ndama ni vijana wageni katika ligi, ambao hawana historia ya kupigiwa hesabu na huuzwa kwa bei ya chini kabisa. Kijana wa namna hiyo akipata alama 65 au 70 kwa mechi chache mfululizo, bei yake hupanda haraka, maana mtambo wa bei sasa unamtambua. Kufikia Mei au Juni amenenepa. Huuzwa, na faida yake huongezwa juu ya nyingine ili kumnunua fahali. Waaustralia wenyewe huwaita ng'ombe wa fedha, na sidhani mfugaji wa Baringo angehitaji kufafanuliwa neno hilo.

Hapa ndipo wengi hupotea. Hudhani kikosi cha kwanza ni timu ya kushinda mechi ya kwanza. Wakiona nafasi ya sita ya ulinzi imejazwa na mvulana wa miaka 19 asiyejulikana hata kwao, huingiwa na aibu, wakamtoa na kumweka mtu wa bei ya kati, mwenye jina zuri na wastani wa alama 80. Mtu huyo atapata 80 mwaka huu kama alivyopata mwaka jana. Hatapanda bei hata auzwe kwa faida, wala hatatoa alama za fahali. Fedha zilizofungwa kwake zimelala. Silaani kila mchezaji wa bei ya kati, kwa sababu yule aliyeshuka kwa jeraha na sasa amepona ni hazina. Ninachokataa ni kumnunua mtu kwa sababu tu anatutuliza moyo.

Ndama nao wana elimu yao. Vijana husajiliwa katika uteuzi wa kila mwaka, na klabu iliyoshika mkia ndiyo kwa kawaida hutangulia kuchagua. Katika vikosi vya kubuni, anayechaguliwa mapema huwekewa bei kubwa kuliko anayechaguliwa mwisho. Maana yake ni kwamba bei ya mgeni hupima matumaini ya wasaka vipaji, wala haipimi utayari wake. Yule mrefu wa mita mbili, anayetabiriwa makuu, huenda akahitaji miaka mitatu ya kula na kukua kabla ya kupambana na wanaume. Bali kijana wa miaka 22 au 23 aliyekwisha kukomaa katika ligi za chini, na ambaye klabu kubwa zilimpita mara kadhaa, aweza kuuzwa kwa bei ya bure na kucheza tangu siku ya kwanza.

Mfano usiosahaulika ni Michael Barlow. Klabu ya Fremantle ilimtoa Werribee, timu ya ligi ya jimbo la Victoria, na mwaka 2010 akaingia ligi kuu akiwa na umri wa miaka 22. Tangu mechi yake ya kwanza alicheza kama mtu aliyekuwa na deni la miaka mingi la kulipa. Waliomnunua kwa bei ya ndama walijikuta na fahali zizini. Katikati ya msimu huo huo akavunjika mguu.

Habari ya mguu wa Barlow inanikumbusha ya Tom Mitchell wa Hawthorn. Mwaka 2018, katika mechi ya kwanza ya msimu dhidi ya Collingwood, Mitchell aligusa mpira mara 54, idadi ambayo ligi hiyo haikuwa imewahi kuishuhudia. Mwisho wa mwaka akatuzwa nishani ya Brownlow, ambayo hupewa mchezaji bora na mwadilifu wa ligi. Yamkini hapakuwa na kocha wa kubuni aliyekaa kupanga kikosi cha 2019 bila ya kulitafakari jina lake kwanza. Kumbe Januari 2019, mazoezini, mguu wake ulivunjika na msimu mzima ukampita. Mikoba ilifunguliwa upya, majina yakafutwa, na kwa muda wa siku mbili tatu gumzo likawa ni nani atakayechukua nafasi yake katika orodha. Wakati huo mtu mwenyewe alikuwa hospitalini. Ni mchezo tu, najua. Lakini lugha yake ya kununua, kunenepesha na kuuza ina ubaridi fulani, na si vibaya mchezaji wake kuuhisi.

Ubaridi huo waonekana zaidi kwa walinzi. Beki aliyepewa kazi ya kumzima mshambuliaji hatari huenda akashinda alasiri nzima akiruka na kuupiga mpira ngumi usidakwe. Katika mchezo rasmi wa ligi, ngumi hizo hazina alama hata moja. Akitoka na mikwaju sita, pasi nne, kudaka mara tatu na kukaba mara moja, atahesabiwa 39, ingawa ni yeye aliyeshinda mechi. Mchezo shindani wa SuperCoach, unaoendeshwa na magazeti likiwamo Herald Sun la Melbourne, hufuata mizani nyingine: kila mechi hugawanyiwa jumla ya alama 3,300 kwa kadiri ya uzito wa matendo, na anayemnyang'anya adui mpira angani hulipwa vizuri. Mtu yule yule, jioni ile ile, ana hesabu mbili zisizofanana. Anayenakili kikosi cha mchezo mmoja na kukipeleka katika mwingine amejitakia hasara.

Aliir Aliir ni beki wa aina hiyo. Alizaliwa mwaka 1994 katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma, huku kwetu Turkana, katika familia iliyovikimbia vita vya Sudan, akapelekwa Australia angali mtoto. Sydney Swans walimchagua katika uteuzi wa 2013, akacheza mechi yake ya kwanza ya ligi mwaka 2016, na mwishoni mwa 2020 akahamia Port Adelaide. Mwaka 2021 aliingizwa katika timu ya heshima ya wachezaji bora wa ligi nzima, kwa ustadi wake wa kusoma mkwaju wa adui na kuudaka kabla haujafika ulikokusudiwa. Mizani inayohesabu mikwaju na pasi tu ingempita mtu kama huyo bila ya kumtazama mara mbili.

Baada ya yote hayo kuna kalenda, ambayo wavivu huisahau. Kila klabu hupata wiki ya mapumziko, na mwaka 2024 ligi ilianzisha raundi ya ufunguzi ya klabu nane tu, ambazo zikalipwa mapumziko yao katika wiki za mapema. Aliyejaza mabeki watano wa klabu zinazopumzika pamoja atajikuta na pengo ambalo benchi halitaliziba. Ndiyo maana ndama wa benchini hawapaswi kuokotwa ovyo. Mwenye bei rahisi kuliko wote lakini asiyeitwa uwanjani hapandi bei wala hazibi pengo. Afadhali kuongeza dola kidogo kwa yule aliye na uhakika wa kucheza.

Uhakika huo hauji mpaka saa za mwisho. Majina ya timu halisi hutangazwa siku moja au mbili kabla ya mechi, na mechi ya usiku mjini Melbourne mwezi Machi huanza saa za kwetu zikiwa kama tano na nusu asubuhi. Mkenya anayetaka kuujaribu mchezo huu ajue kwamba kufikia chai ya saa nne kikosi chake kinapaswa kuwa kimekwisha kukaguliwa, jina kwa jina, akianzia na wale wa bei ya chini kabisa.