Kuchagua kati ya pikipiki ya 125 na ya 150

Katika Wilaya ya Ikungi, iliyomegwa kutoka Singida Vijijini mwaka 2012, familia inayonunua pikipiki yake ya kwanza mara nyingi hujikuta kati ya mbili zinazofanana: ya 125 na ya 150. Boxer na TVS HLX, zote za India, hutengenezwa kwa saizi hizo zote mbili. Injini ni ya silinda moja na hupozwa na hewa, na tairi la nyuma huzungushwa na cheni. Anayezitazama dukani huona bei na maandishi ya ubavuni, basi.

Namba hizo ni ujazo wa silinda kwa sentimita za ujazo, nazo zimekadiriwa. HLX 125 ina 124.5, na Boxer 150 ina 144.8. Pengo halisi, kwa hiyo, ni kama 20 tu, si 25.

Pengo hilo huonekana penye mzigo. Kwenye lami ya Dodoma–Singida, inayopita Issuna, Ikungi na Puma, mtu mmoja na mfuko wake hawahitaji zaidi ya 125, nayo hula mafuta kidogo. Hali hubadilika kwenye njia za mchanga za kuelekea Sepuka na Mgungira. Madumu manne ya lita 20 yakijaa maji ni takriban kilo 80, yaani uzito wa abiria aliyeshiba. Mchangani dereva hushuka gia na kukaza mafuta, injini inazunguka kwa kasi huku pikipiki ikienda polepole, na upepo wa kuipoza haupo. Injini ndogo ikifanyishwa kazi hiyo kila siku huchoka mapema: ringi huisha, oili huungua, moshi wa bluu huanza. Hata ule unafuu wa mafuta hupungua, kwa sababu injini inayokamuliwa hadi mwisho haibani matumizi. Gunia la alizeti ni jambo jingine. Si zito sana, ila ni pana na hushika upepo. Hapo kinachohitajika ni kamba nzuri na mwendo wa taratibu, si injini kubwa.

Sheria nayo huzitenganisha, ingawa wanunuzi wengi hawaiulizi. Leseni ya daraja A1 ni ya pikipiki zenye ujazo chini ya 125. Zinazozidi hapo zinahitaji daraja A. Mwenye A1 akinunua ya 150 anaendesha nje ya leseni yake. Na hakuna injini inayohalalisha mishikaki, yaani kupakia abiria zaidi ya mmoja. Pikipiki ikianza kubeba abiria kwa malipo, iwe ya 125 au ya 150, itahitaji leseni ya LATRA, mamlaka ya udhibiti wa usafiri wa ardhini.

Jambo linalopaswa kutangulia yote, na ambalo kwa kawaida huachwa mwisho, ni spea na fundi. Cheni, sproketi, filta ya hewa na brekishuu huliwa na vumbi bila kujali ujazo. Kabla ya kulipa, mnunuzi aende kwa fundi wa kijijini kwake aulize ni aina gani anayoifungua mara nyingi, kisha apite madukani aone spea halisi za aina hiyo zipo au ni za kuagiza Singida mjini. Pikipiki bora inayosubiri plagi wiki nzima haimfikishi mgonjwa Hospitali ya Makiungu.

Kwa pikipiki iliyotumika, namba za injini na chesisi zilingane na kadi, na umiliki uhamishwe TRA siku za mwanzo. Asiyeweza kukubaliana na muuzaji kuhusu kadi aiache pikipiki hiyo hata ikiwa rahisi.

Familia ya kandokando ya lami, yenye dereva mmoja na mizigo midogo, inatoshwa na 125. Inayoteka maji mbali au kubeba abiria mchangani kila siku inunue 150, mradi fundi wa karibu anaifahamu.