Mbuzi Watatu wa Kisiwa cha Pinta

Safari hii tunawapeleka mbali. Twende hadi visiwa vya Galápagos, katika Bahari ya Pasifiki, kama kilomita 1,000 magharibi ya pwani ya Ekuador. Wageni hufika huko kutoka pande zote za dunia kuona wanyama wasiopatikana mahali pengine. Lakini hushuki tu botini ukaanza kuzurura. Ni lazima uandamane na mwongozaji mwenye leseni ya hifadhi, naye haruhusiwi kuchukua zaidi ya wageni 16. Kwa nini masharti hayo yote? Jibu lake linahusu mbuzi, na mbuzi tunawajua.

Kwanza tuvielewe visiwa vyenyewe. Havikumegwa kutoka bara. Chini ya sakafu ya bahari kuna mahali penye joto kali, na mawe yaliyoyeyuka hupanda kutoka hapo. Ardhi iliyo juu yake inasogea polepole kuelekea mashariki, kama mtu anayesogeza bati juu ya jiko. Basi visiwa vya mashariki, kama Española, vimezeeka na kupoa, na vya magharibi bado vinawaka. Fernandina kililipuka Machi 2024. Isabela, kilicho kikubwa kuliko vyote, ni volkano sita zilizoungana.

Kila kiumbe kilichofika kwenye mawe hayo meusi kiliruka, kiliogelea, au kilielea juu ya maji. Kobe walielea. Simba wala chui hawakuweza kuvuka, hata chura hakufika mwenyewe. Waliofika wakakaa bila adui mkubwa, na kwa muda mrefu wakabadilika. Mnandi wa huko hawezi tena kuruka. Kuna mijusi iitwayo iguana, mikubwa kama kenge, inayopiga mbizi baharini kula mwani, halafu inapiga chafya kutoa chumvi! Mwingereza Charles Darwin alipofika mwaka 1835, alimkuta kipanga mpole kiasi cha kumsukuma kutoka tawini kwa mdomo wa bunduki.

Upole huo uliwaponza. Mabaharia waliwabeba kobe hai melini kwa maelfu, maana kobe hukaa miezi mingi bila chakula wala maji, na nyama yake haiozi akiwa hai. (Waliowahi kuona kobe wakubwa wa Haller Park pale Mombasa, wale ni wa ukoo mwingine kutoka Aldabra, lakini umbo ni la namna hiyo.) Halafu watu wakaleta mbuzi.

Mwaka 1959 wavuvi waliacha mbuzi watatu katika kisiwa cha Pinta, dume mmoja na majike wawili, ili wakirudi wapate nyama. Hata sisi tungeona ni akili nzuri. Kumbe kufikia 1973 ilikadiriwa mbuzi wamezidi 30,000. Hakuna chui wa kuwapunguza, hakuna mchungaji wa kuwarudisha zizini. Walikula majani, wakala miche, wakabandua maganda ya miti. Kobe wa Pinta walikuwa wamekwisha kupunguzwa na mabaharia. Mwaka 1971 alionekana mmoja tu, dume, akaitwa George Mpweke.

Katika mlima Alcedo, kisiwani Isabela, hasara ilikuwa ya aina nyingine, na hapa tungeomba vikundi vinavyopanda miti visome polepole. Wakati wa kiangazi hakunyeshi mvua ya maana kule juu, ila kuna ukungu. Miti na vichaka huukamata, maji yanadondoka chini tone kwa tone na kufanya vidimbwi, na kobe hunywa hapo. Mbuzi walipomaliza miti, ukungu ulipita tu. Vidimbwi vikakauka, ingawa hali ya hewa ilikuwa ile ile.

Kuwaondoa haikuwa mchezo. Kazi ya Isabela na visiwa vya karibu ilianza 1997 ikaisha 2006, kwa gharama ya dola milioni kadhaa. Walitumia mbwa, bunduki na helikopta, wakaua mbuzi zaidi ya 100,000. Wa mwisho ndio waliosumbua, maana walijificha. Basi wakatumia mbinu iitwayo mbuzi Yuda: wanamkamata mbuzi, wanamvalisha mkanda wa redio shingoni, wanamwachilia. Mbuzi hapendi upweke, atatafuta wenzake hadi awapate. Wawindaji wanafuata redio, wanaua wote isipokuwa yeye, naye anakwenda kutafuta wengine.

Tunajua mtakachouliza: nyama ilikwenda wapi? Nyingi iliachwa pale pale, kwa kuwa kuibeba kutoka milimani kungegharimu kuliko thamani yake. Inauma, hasa kwa mtu aliyewahi kuona mifugo ikifa kwa ukame. Lakini angalieni gharama ilianzia wapi: mbuzi watatu katika boti moja.

Ndiyo maana mgeni anayekwenda Galápagos hukaguliwa mizigo yake kama kuna matunda au mbegu. Akiwa kisiwani hatoki kwenye njia, anakaa mita mbili mbali na mnyama, na vyakula havibebwi kwenye visiwa wasikoishi watu. Anaporudi botini anasafisha miguu, asije akahamisha mbegu hadi kisiwa kinachofuata. Mwongozaji ndiye anayehakikisha hayo yote, na tunaona kazi yake ya ulinzi ni kubwa kuliko ya kutaja majina ya ndege. Tangu Agosti 2024, mtu mzima kutoka nchi nyingi za nje hulipa dola 200 kuingia hifadhini.

Española walikuwa wamebaki kobe 14. Waliwekwa mahali pa kuzaliana, akaongezwa dume mmoja kutoka bustani ya wanyama ya San Diego, na kufikia 2020 watoto karibu 2,000 walikuwa wamerudishwa kisiwani. Lakini George Mpweke alikufa tarehe 24 Juni 2012 bila mtoto. Mbuzi wa Pinta walikuwa wamekwisha, majani yamerudi, na hapakuwa na kobe wa kuyala na kusambaza mbegu. Kwa hiyo mwaka 2010 walipelekwa huko kobe 39 wa ukoo mwingine, waliokwisha kuhasiwa, ili wafanye kazi hiyo peke yake.