Mashini ya hesabu gani inafaa koperative yetu?



Kwa kawaida tunaongea hapa juu ya mbegu, miche na kukausha mavuno. Leo tunaongea juu ya chombo kidogo chenye kuingia mfukoni: mashini ya hesabu, ile wengi tunaita kalkilatrisi. Ni kidogo, lakini inaweza kupoteza kilo 38 za kakao ya mtu bila mwizi yeyote kupita.

Ilitokea hivi. Msimu uliopita tulikuwa na koperative moja upande wa Irumu, siku ya kukusanya kakao. Mama mmoja alileta mifuko miwili, mmoja kilo 38, mwingine kilo 41. Bei ilikuwa franka 6 500 kwa kilo. Kijana wa mizani alitumia telefone yake. Alifinya 38 + 41 × 6 500, telefone ikaonyesha 266 538. Akaandika kwenye fishi, akaanza kutoa feza.

Mama akakataa. "Mtoto wangu, kilo makumi nane kasoro moja haiwezi kuzaa feza hii. Rudilia."

Kijana akarudilia mara tatu, jibu ni lile lile. "Mama, mashini haikosee." Watu kwenye mstari wakaanza kunung'unika kwamba koperative inaiba. Mwisho mzee mmoja akatoa kalkilatrisi ndogo ya sokoni, akafinya mabuto yale yale, kwa mpango ule ule. Ikatoa 513 500. Tofauti ni franka 246 962. Kumbe mama alikuwa na haki, na hakuna aliyetaka kumwibia.

Juu ya nini mashini mbili zinapingana?

Zote mbili zilifanya kazi yake vizuri. Ila kila moja iko na sheria yake.

Kalkilatrisi ya kawaida ya sokoni inahesabu vile unafinya, hatua kwa hatua. Ilichukua 38, ikaongeza 41, ikapata 79, kisha ikazidisha na 6 500.

Telefone nyingi, na kalkilatrisi za masomo zenye mabuto sin, cos na log, zinafuata sheria ya shule: kuzidisha na kugawanya kwanza, kuongeza na kuondoa nyuma. Telefone ilizidisha 41 na 6 500, ikapata 266 500, kisha ikaongeza 38. Mfuko mzima wa kwanza ukageuka franka 38.

Hatari ni kwamba 266 538 inafanana na jibu la kweli. Haishtue mtu. Kwa hiyo, mbele ya kuanza kazi na mashini yoyote, finya 2 + 3 × 4 =. Ikitoa 20, ni ya hatua kwa hatua. Ikitoa 14, inafuata sheria ya shule. Andika jibu kwenye kipande cha karatasi na ukibandike nyuma ya mashini, ili kila mtu anayeishika ajue.

Dawa yenye kufaa mashini zote ni moja: jumlisha kilo kwanza, finya =, andika jumla kwenye fishi, kisha zidisha na bei.

Kwa mizani na kwa kasha: namba 12

Kalkilatrisi nyingi za bei ya chini ziko na nafasi 8 za namba. Kubwa kabisa inayoingia ni 99 999 999. Kwa mtu mmoja inatosha, lakini kwa koperative hapana. Mkiuzisha tani 16 kwa franka 6 500, jumla ni 104 000 000. Hizo ni namba 9. Mashini itaandika herufi E na kuonyesha kitu kama 1.0400000. Herufi E maana yake imeshindwa. Usisome kile kinachobaki, na usiandike kitu kwenye daftari.

Tukumbuke pia kwamba bei inaweza kupanda kwa nguvu. Mwezi wa 12 mwaka 2024, kakao kwenye soko la dunia ilipita dola 12 000 kwa tani, kisha ikashuka mwaka 2025. Mashini ya koperative inapaswa kubeba mwaka wa bei kubwa pia. Kwa hiyo chukueni yenye namba 12, ya kuweka juu ya meza, yenye mabuto makubwa. Siku ya kukusanya mikono iko na vumbi, watu wako wengi, na kila mtu anataka kurudi nyumbani mbele ya giza. Mabuto madogo yanaleta makosa.

Telefone ni nzuri kwa kuhakikisha, lakini isiwe chombo cha kwanza. Mtu akipiga katikati ya hesabu, unaweza kupoteza pale ulikuwa umefika. Na chaji ikiisha saa tisa, mnafanya nini?

Kuna pia mashini yenye kuchapa kwenye karatasi. Inafaa ofisi yenye umeme wa uhakika, juu kila hatua inabaki imeandikwa. Lakini inadai umeme na karatasi za kununua kila mara, na ile karatasi ya joto maandishi yake yanafifia. Kwa depo ya kijijini hatuishauri.

Mabuto ya kujua

M+ inaweka jibu kwenye akiba. MR ao MRC inaonyesha akiba yote. Mfano: mkulima ameleta kilo 30 za 6 500 na kilo 12 za 5 000. Finya 30 × 6 500 M+, kisha 12 × 5 000 M+, kisha MR. Inatoa 255 000. Mbele ya mkulima wa pili, futa akiba. Ukiona herufi M ndogo kwenye kioo, bado kuna feza ya mtu mwingine ndani.

Buto ya % haifanyi kazi sawa kwenye mashini zote. Kama koperative inakata 3 kwa 100, acheni ile buto. Zidisheni na 0.97. Kwa yule mama: 513 500 × 0.97 = 498 095. Hii inatoa jibu moja popote.

Nukta ni mtego mwingine. Sisi tumezoea kuandika 6.500 kwa kusema elfu sita na mia tano. Kwa mashini, nukta inafanya kazi ya virgili: 6.500 ni sita na nusu tu. Bei uifinye bila nukta, 6500. Nukta itumike kwa nusu kilo peke yake, kama 46.5.

Mwisho, mashini nyingi za meza ziko na swichi ndogo juu. Kwenye F, inaonyesha virgili zote. Kwenye A ao ADD2, inajiwekea virgili yenyewe wakati wa kujumlisha: ukifinya 1250, inasoma 12.50. Mtoto anaweza kuisukuma bila kujua. Kila asubuhi hakikisheni iko kwenye F.

Kujaribu sokoni mbele ya kulipa

Kwenye maduka ya Bunia utakuta nyingi zenye jina kubwa, na si zote ni za kweli. Jina lisikudanganye, fanya majaribio haya:

1. Finya 8 mpaka kioo kijae. Hesabu ngapi zimeingia. Kama kipande cha 8 kimoja hakionekani, iache. Namba 8 iliyokufa kidogo inasomeka 6, 9 ao 0.
2. Finya 12345679 × 9. Inapaswa kutoa 111111111. Ikileta E, iko na nafasi 8 tu.
3. Funika kioo cha jua kwa mkono. Mashini ikizimika, haina betri ao betri imekufa. Ikiendelea, betri iko.
4. Omba betri itolewe, kisha uiweke penye mwangaza. Kuna mashini ambazo kioo chake cha jua ni mapambo tu.
5. Uliza kama betri yake inapatikana kwenu. Tunashauri yenye jua na betri pamoja.

Na kwa watoto wa shule?

Wazazi wengi wanatuuliza. Mtoto wa shule ya msingi ajifunze kwanza kuhesabu kwa kichwa na kwa kalamu. Yule mama hakuwa na mashini, lakini alijua kwamba kilo karibu 80 kwa 6 500 inakaribia nusu milioni. Hiyo ndiyo ilimwokoa.

Kwa sekondari, hasa sayansi, mtoto anahitaji kalkilatrisi ya masomo yenye sin, cos, tan, log na mabano. Ya kawaida inatosha, ile kubwa yenye kuchora grafiki ni feza ya bure. Anayejiandaa kwa Examen d'État asizoee kuhesabu kwa telefone, juu telefone haziingii kwenye chumba cha mtihani. Na muulize mwalimu mbele ya kununua, ili usilete mashini yenye kukataliwa. Ila ile ya mtoto isiletwe kwenye mizani: sheria yake ni ile ile ya telefone.

Mtu wa pili

Sheria ya OHADA juu ya makoperative, iliyopitishwa Lomé tarehe 15/12/2010, inatufunga sisi pia tangu nchi yetu iingie OHADA mwaka 2012. Inadai hesabu za mwaka ziletwe mbele ya mkutano mkuu. Hesabu zile zinaanza na fishi ya mkulima siku ya mizani. Fishi ikikosea, kila kitu nyuma kinakosea.

Kwa hiyo tunawaomba: nunueni mbili za aina moja. Mmoja ahesabu, mwingine arudilie kwenye ya pili, na mkulima aone kioo mbele ya kupokea feza. Majibu yakitofautiana, simamisheni, msibishane. Andikeni kilo, jumla na bei kwa kalamu, muanze upya.

Wazee walisema, mali bila daftari huisha bila habari. Koperative ile ya Irumu ilimlipa mama franka zake zote jioni ile ile, mbele ya watu, na kijana akaomba msamaha. Lakini ilibidi wafungue fishi zote za asubuhi na kuhesabu tena. Walikuta wakulima wengine wanne waliopoteza mfuko mzima, na walikuwa wamekwisha kurudi nyumbani bila kuuliza.