Je, Wajua Kwa Nini Kigari cha Ubavuni Humshinda Hata Dereva Hodari wa Boda?

Mchukue dereva wa boda wa Nagongera, mashariki mwa Uganda, yule aliyezoea kubeba magunia ya mihogo na abiria wa mshikaki, umkabidhi pikipiki iliyofungiwa kigari ubavuni. Huenda akaingia mtaroni kabla ya kufika stesheni ya reli. Kuendesha anajua, tena sana. Lakini anajua magurudumu mawili, na ujuzi huohuo ndio utakaomponza.

Pikipiki ya kawaida ikishika kasi haipindi kwa kugeuzwa usukani bali kwa kulazwa. Ili kwenda kulia, mkono wa kulia unausukuma usukani mbele kidogo, chombo kinalalia kulia, na kona inakatwa. Dereva hufanya hivyo bila kufikiri. Ukishafunga kigari, pikipiki hailali tena. Inageuzwa kama gari, kulia ni kulia na kushoto ni kushoto. Anayesukuma mkono wa kulia kwa mazoea atajikuta anaelekea kushoto.

Si hilo tu. Injini inasukuma gurudumu moja, la nyuma ya pikipiki, na kigari kinakokotwa pembeni. Huku kwetu, Uganda na Kenya, tunapita kushoto, hivyo kigari hukaa kushoto. Ukivuta mafuta, chombo kizima kinanyemelea kushoto. Ukifunga breki ya pikipiki peke yake, kigari kinaendelea na safari yake na kukusukumia kulia, yaani upande linakotokea lori la kwenda mpakani Malaba. Kwenye kona ya kushoto kigari kitupu huinuka hewani, ndiyo maana wazoefu huweka mfuko wa mchanga ndani wasipokuwa na abiria. Kona ya kulia huonekana salama, ila ikikatwa kwa kasi uzito wote hulalia kigari, pua yake ikazama na gurudumu la nyuma la pikipiki likaacha ardhi.

Basi kufunga kigari ni kazi ya vipimo kuliko ya kuchomelea. Ekseli ya kigari haikai mstari mmoja na ile ya nyuma ya pikipiki. Inatangulia mbele kwa shubiri moja hivi, ili chombo kisibinukie pua. Gurudumu la kigari nalo halielekei mbele moja kwa moja, bali linachungulia ndani kidogo. Fundi hulaza mbao mbili zilizonyooka, moja ubavuni mwa matairi ya pikipiki na nyingine kwenye tairi la kigari, kisha anapima nafasi iliyo kati yake: mbele iwe pungufu kuliko nyuma kwa sentimita moja au mbili. Tofauti ikizidi hapo, tairi litalika kama kifutio cha shule. Mwisho pikipiki yenyewe inainamishwa nyuzi moja au mbili kulia, mbali na kigari, kwa sababu mzigo ukishapanda, na barabara ilivyo na mteremko wa kupeleka maji pembeni, itarudi kusimama wima.

Je, pikipiki ipi inafaa? Wengi watataja zile kubwa za Kimarekani za kukaa umejinyoosha, kama Harley-Davidson. Kampuni hiyo iliuza vigari vyake tangu miaka ya 1910 hadi 2011. Pikipiki hizo zina sifa mbili kubwa. Injini huvuta kwa nguvu ikiwa bado inazunguka polepole, na uzito ni mwingi, kilo 300 na zaidi. Wazoefu hukadiria kwamba kigari kisizidi theluthi moja ya uzito wa pikipiki, kwa hiyo dubwana la kilo 360 linamudu kigari cha kilo 120 bila kuyumbishwa.

Kasoro yake iko mbele. Shokapu zake zimelala sana, na gurudumu limesogezwa mbali na dereva. Ukiuendeleza kwa macho mstari wa shingo ya usukani hadi chini, utagusa ardhi mbele ya pale tairi linapokanyaga, na pengo hilo katika pikipiki za aina hii mara nyingi hukaribia sentimita 15. Linasaidia kunyoosha mwendo katika barabara ndefu. Kwa magurudumu matatu linageuka adhabu: kila kona inataka nguvu za mabega. Mafundi hubadilisha vishikizo vya shokapu, au shokapu zenyewe, ili pengo lipungue, pengine kufikia nusu. Fremu nayo haikutengenezwa kuvutwa ubavuni, kwa hiyo chini yake huongezwa fremu ndogo ya mabomba, na kigari kinashikiliwa kwa nukta nne. Tatu hazitoshi, hata kama fundi anakuapia.

Nagongera hakuna Harley. Kuna Bajaj Boxer, yenye kilo 100 na kitu. Piga hesabu ileile ya theluthi: kigari kisizidi kilo 40! Ukitaka kigari cha kubebea wagonjwa, kitanda cha chuma na mama mjamzito juu yake vinazipita mbali. Hata hivyo vigari vya wagonjwa vinavyovutwa na pikipiki ndogo vipo, na vimefanya kazi jirani tu, Mbale, kwa ushirikiano na shirika la PONT la Wales. Huko Mangochi, Malawi, watafiti walifuatilia pikipiki tatu za namna hiyo mwaka 2001 na 2002. Ucheleweshaji wa kumfikisha mama hospitalini ulipungua kwa saa mbili hadi nne na nusu, na bei ya kununua ilikuwa mara 19 chini ya ile ya gari la wagonjwa.

Siri ni kwamba haziendi mbio. Wepesi wa pikipiki hufidiwa kwa mwendo wa pole, sproketi ya nyuma yenye meno mengi zaidi, na vipimo visivyo na mzaha. Ukitaka kasi, nunua dubwana. Mimi kwa njia za vijiji vya West Budama, huku Nagongera, ningechagua Boxer, kwa kuwa spea zake zipo kila duka na fundi wake yuko chini ya kila mti.

Kwa hiyo kamati ya afya au kikundi cha boda kinachofikiria kuchomelewa kigari pale Tororo au Busia kimwulize fundi maswali matatu kabla ya kutoa fedha. Ekseli inatangulia kwa kiasi gani? Tairi linachungulia ndani kwa kiasi gani? Na gurudumu la tatu lina breki yake? Akianza kukisia, ondokeni. Akijibu kwa tepu mkononi, mpeni kazi, kisha dereva afanye mazoezi kwenye uwanja wa mpira akiwa na mifuko ya mchanga kabla hajapewa mgonjwa.