Rubani Anaongea na Nani Huko Juu?

Ndege kubwa ilipita juu ya nyumba, mpwa wangu akauliza: "Mjomba, rubani anaongea na nani huko juu?" Swali zuri hilo! Mtoto anayeuliza hivyo hastahili kujibiwa kwa haraka. Tuiache ndege yenyewe iseme.

"Mimi ni ndege ya Tanzania. Nitazame ubavuni: namba yangu inaanza na 5H. Dada zangu wa Kenya wana 5Y. Leo natoka Dar es Salaam, naenda Mumbai. Rubani wangu ni mtoto wa Tabora. Chini, mnarani, yupo mwongoza ndege ambaye kwao wanaongea Kimarathi. Anasema kwa redio: shuka mpaka futi 8000. Rubani wangu anasikiliza, anarudia. Mwongoza ndege anasema: geuka kushoto. Rubani wangu anasikiliza, anarudia. Akirudia vibaya, anasahihishwa papo hapo."

Wanaongea lugha gani, Mjomba? Kiingereza.

Kwani ni Waingereza? Hata mmoja!

Sasa kwa nini walijifunza? Ngoja, mpwa wangu. Kila nyumba hapa mtaani ina sufuria yake. Lakini siku ya harusi tunatoa lile sufuria kubwa la mtaa, kila mtu anakula pilau humo. Je, mama ametupa sufuria yake? Hajaitupa. Kesho atapikia ugali humo humo. Rubani wetu naye hakuacha Kiswahili. Alitaka kurusha ndege, akataka kuelewana na minara ya mbali. Mimi nampenda kwa hilo.

Nani alichagua Kiingereza? Mwaka 1944 wajumbe wa mataifa walikutana Chicago, wakakubaliana kuanzisha shirika la usafiri wa anga, ICAO. Wakati ule Marekani ilikuwa ikiunda ndege nyingi kuliko wote. Hiyo ndiyo sababu kubwa shirika hilo likapendekeza Kiingereza. Si kwamba Kiingereza kina utamu kuliko lugha nyingine, usidanganywe.

Lugha nyingine zimekatazwa? Hapana. Huko Paris, rubani Mfaransa anaweza kuongea Kifaransa na mnara. Ila fikiria rubani mgeni anayemfuata nyuma. Anasikia sauti redioni, hajui mwenzake anatua au anapaa. Hilo linanitia hofu kidogo. Ndiyo maana viwanja vinavyopokea ndege za kimataifa lazima viwe na Kiingereza kwa anayekihitaji.

Na mtihani upo? Upo! Una ngazi 6. Rubani wa safari za kimataifa lazima afike angalau ngazi ya 4, na akiwa hapo atapimwa tena baada ya miaka michache. Hapimwi mashairi. Anapimwa kama anaeleweka, na kama anaelewa mambo yakiharibika ghafla.

Mwingereza je, yeye amepona? Hajapona, mpwa wangu! Akiongea mbiombio, kwa misemo ya kijijini kwao, rubani wetu atampataje? Lazima aongee taratibu, kwa maneno yaliyokubaliwa. Hata kuhesabu anajifunza upya. Tatu yao ina sauti ngumu ya ulimi katikati ya meno, wengi inawashinda. Redioni inatamkwa "tri." Tisa inatamkwa "naina," isichanganywe na tano hata redio ikikwaruza. Na tano ni "faifu."

Haya, nihesabie: tatu, tano, tisa, kirubani. Tena, kwa sauti!