Tuzo ni ya mwalimu, maabara je?

Mwaka 2019, Peter Tabichi, mwalimu wa hisabati na fizikia katika sekondari ya Keriko, Kaunti ya Nakuru, Kenya, alishinda Tuzo ya Mwalimu Bora Duniani: dola milioni 1. Shule ilikuwa na kompyuta moja na intaneti ya kusuasua, lakini wanafunzi wake walifuzu kwenda mashindano ya kimataifa ya sayansi huko Arizona, Marekani.

Sasa, tuzo inafanya kazi gani hasa? Inampa mwalimu heshima anayostahili. Hainunui bureti za shule ya jirani. Na kemia bila vitendo inageuka somo la kukariri.

Baadhi ya mapengo mwalimu huyaziba mwenyewe. Chemsha rozela kavu, chuja, umepata kiashiria: kwenye ndimu hubaki chekundu, kwenye maji ya magadi hugeuka kijani, kwa sababu molekuli za rangi yake hubadilika muundo zikikutana na asidi au besi. Ila mizani na bureti hazipikwi jikoni.

Kwa hiyo ukimpongeza mwalimu wako, muulize pia maabara imepungukiwa nini. Jibu lipeleke kikao cha wazazi.